Fumba la Stevenson

Katika Kiswahili chetu cha pwani liko neno fumba. Fumba ni mkeka ulioshonwa ukawa mfuko, mtu akaingia ndani yake akalala, umande usimpate wala mbu asimfikie. Vijana wengi wa leo hawalijui neno hili kwa kuwa hawakukikuta kitu chenyewe. Lakini wapenda kulala nyikani siku hizi wanacho kijifuko cha kitambaa kisichopenya maji, chepesi hata hakifiki kilo moja, anachoingia mtu mmoja pamoja na blanketi lake akalala popote jua lilipomchwea bila ya kusimamisha hema. Mimi kitu hicho sikiiti kwa jina jingine. Hilo ni fumba.

Leo nataka kumweleza mtu aliyejishonesha fumba lake zaidi ya miaka 140 iliyopita, naye si mwingine ila Robert Louis Stevenson. Wazee wetu waliosoma shule zama za ukoloni wanamjua kwa Kisiwa chenye Hazina, kitabu alichokifasiri kwa Kiswahili Frederick Johnson kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Mimi nami nilimjua kwa kitabu hicho, kwa maharamia wake na mzee mwenye mguu mmoja. Sikujua wakati huo kwamba mtunzi wake alikuwa mtu wa maradhi, ambaye tangu utotoni matabibu na wazazi walimtaka akae kitandani, madirisha yamefungwa.

Alizaliwa Edinburgh, Uskochi, tarehe 13 Novemba 1850, mtoto wa pekee. Baba yake, Thomas, alikuwa mjenzi wa minara ya taa za baharini, kama babu yake kabla yake, na mabaharia wa pwani za Uskochi waliokoka kwa kazi ya nyumba ile. Kijana akatiwa Chuo Kikuu mwaka 1867 asomee uhandisi aurithi ujenzi huo. Hakuupenda. Mwaka 1871 akageukia sheria, na mwaka 1875 akakubaliwa kuwa wakili, lakini uwakili hakuufanya kazi. Alitaka kuandika, na kifua chake kilitaka hewa ya nchi nyingine.

Mwaka 1876, huko Ufaransa, alikutana na Fanny Osbourne, mwanamke wa Marekani aliyemzidi miaka kumi, mwenye mume na watoto. Mapenzi yakawashika. Agosti 1878 Fanny akarejea Marekani, na Stevenson akabaki na moyo usiokuwa na pa kutua. Akenda mji mdogo wa Le Monastier, katika milima ya kusini ya Ufaransa, akaazimia kuvuka milima ya Cévennes kwa miguu, peke yake.

Hapo ndipo lilipokuja shauri la kulala. Hema hakulitaka, na sababu zake alizieleza vizuri. Kwa msafiri wa peke yake hema lina taabu kulisimamisha na taabu kulivunja, na hata likikunjwa linaonekana mzigoni. Mfuko wa kulalia uko tayari saa zote, kazi ni kuingia tu. Tena, na hili ndilo kubwa, mfuko hautangazi. Aliyesimamisha hema amewaambia wapita njia wote kwamba yuko hapo, nao watakuja kumchungulia, naye atalala jicho moja wazi. Aliyejifunika ndani ya fumba nyuma ya ukuta wa mawe hajulikani ila na Mola wake.

Basi akaagiza ashonewe. Nje lilikuwa turubai la kijani, lile la kufunikia mikokoteni mvua isipenye, na ndani manyoya ya kondoo ya rangi ya buluu. Kila upande ulikaribia futi 6, na yalikuwepo mapindo mawili ya pembetatu yaliyokuwa mto usiku na vifuniko mchana. Mchana fumba lilikuwa mkoba wa vitu vyake, usiku likawa kitanda. Kichwani angevaa kofia ya manyoya yenye kufunika masikio, na mvua ikizidi angejitengenezea kibanda kwa koti lake la mvua, mawe matatu na tawi la mti lililokunjwa. Gharama ya mfuko huo ilikuwa faranga 80, na bia mbili juu yake.

Lakini wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lilipokwisha kujazwa, fumba likawa kubwa na zito, na mabega ya mtu mwenye kifua kibovu hayakuliweza. Ikawa lazima anunue mnyama. Alimpata punda jike mdogo, rangi yake kama ya panya, kwa faranga 65 na glasi ya brandi, akamwita Modestine. Punda akawa rahisi kuliko kitanda alichokibeba!

Wakaanza safari tarehe 22 Septemba 1878. Siku ile ya kwanza mzigo ulikwenda upande, ukaanguka, na Modestine akatembea kwa mwendo wake usiohimizika. Stevenson akampiga kwa fimbo mpaka mkono ukamuuma, na akaona haya kwa kumpiga. Baadaye mwenye nyumba ya wageni akamtengenezea kijiti chenye ncha ya pini, na punda akaenda. Hayo yote aliyaandika mwenyewe, hakujificha. Akatupa pia vitu vya anasa alivyovichukua: paja la kondoo, mkate mweupe, na hata kifaa cha kupigia mayai. Ndivyo anavyojifunza kila mwenye kulala nje. Kila usiku mmoja unamwonyesha kitu kimoja ambacho hakukihitaji.

Fumba lenyewe lilithibitisha faida yake siku ya tatu. Giza lilimkuta katika nchi ya Gévaudan, nchi iliyokuwa na habari ya mnyama mla watu aliyeua wengi kati ya mwaka 1764 na 1767. Stevenson akapotea njia kati ya vijiji viwili, akabisha mlango wa mtu, akaomba aonyeshwe njia kwa malipo. Yule bwana akakataa kuvuka kizingiti chake. Akenda msituni kwa kupapasa, upepo na mvua juu, akamfunga Modestine, akajitia ndani ya mfuko wake akalala. Asubuhi aliamka mkavu na mwenye furaha. Mlango wa mtu ulifungwa, fumba halikumfungia.

Siku chache baadaye, katika misonobari ya mlima Lozère, alipata usiku ambao kwa ajili yake kitabu chake kinasomwa mpaka leo. Nyota zilikuwa wazi, kijito kikinong'ona karibu, na yeye akawaza kwamba usiku kama huo ungetimia kama angekuwepo karibu yake yule ampendaye, amenyamaza. Kulipokucha akaweka sarafu juu ya majani, kuwa malipo ya malazi. Lakini usiku mwingine, chini ya miti ya chestnut kando ya mto Tarn, alilala kwa wasiwasi asionekane, na asubuhi mtu na mwanawe waliokuja kupogoa miti wakamkuta wakamsaili. Fumba huficha, lakini si kila mahali.

Safari ilikuwa ya siku 12, yapata kilomita 190. Ilipoishia, Saint-Jean-du-Gard, Modestine hakufaa tena kusafiri, hakuweza kuendelea. Stevenson akamuuza kwa faranga 35 pamoja na tandiko, akapanda gari la farasi. Kisha akalia. Watu husema shukrani ya punda ni mateke, lakini huyu hakuwa na lawama. Kitanda cha mwingine kilimwumiza miguu.

Mwaka 1879 kitabu cha safari hiyo kikatoka, na mwaka huo huo Stevenson akavuka bahari kumfuata Fanny California. Huko alitoka tena kulala milimani, mara hii mwili ukamshinda. Alilala chini ya mti siku mbili bila fahamu nzuri, mpaka wafugaji wa mbuzi wakamwokota na kumwuguza. Mfuko humkinga mtu na mvua, haumkingi na yaliyomo kifuani mwake. Akapona, na tarehe 19 Mei 1880 akamwoa Fanny.

Ndipo zilipokuja kazi zake kubwa: Kisiwa chenye Hazina kikawa kitabu mwaka 1883, na mwaka 1886 hadithi ya Jekyll na Hyde. Mwaka 1888 akaingia baharini Pasifiki, na mwaka 1890 akanunua shamba Upolu, kisiwa cha Samoa. Wenyeji wakamwita Tusitala, mwandishi wa hadithi. Akawatetea dhidi ya tamaa za mataifa makubwa, na machifu waliofungwa akawatembelea gerezani. Walipofunguliwa, mwaka 1894, wakamjengea barabara kwa jasho lao, bila ya ujira.

Alifariki tarehe 3 Desemba 1894, umri miaka 44. Hakufa kwa kifua alichokihofia maisha yake yote, bali kwa mshipa uliopasuka kichwani. Wasamoa wakakata njia katika msitu wa mlima Vaea, wakampandisha mabegani kwa zamu hadi kileleni, wakamzika huko juu, bahari ikionekana chini. Safari hiyo mzigo ulikuwa yeye, na waliobeba walijitolea.

Njia yake ya Cévennes bado inatembewa na watu wengi kila mwaka, na baadhi yao hukodi punda. Wenye mafumba mepesi ya zama zetu hawana haja naye, kwa sababu kitanda chao kinaingia katika mkoba wa mgongoni. Mimi naona huo ndio ubora wake mkubwa kuliko wepesi wenyewe. Mwenye kulala ndiye mwenye kubeba.