Kijana wa Kiwandani na Vitabu Vyake: Habari za David Livingstone

Katika mwaka wa jubilei ni desturi njema kuwakumbuka waliotutangulia. David Livingstone hakuwa Askofu wala padre katika misioni ya U.M.C.A., iliyolima shamba hili tulilovuna sisi. Lakini misioni hiyo ilizaliwa kwa sababu ya maneno yake. Watu wengi wamjua kuwa msafiri na adui wa biashara ya watumwa. Wachache wajua habari za ujana wake, na jinsi alivyopenda vitabu tangu utoto. Hizo ndizo habari tutakazosimulia hapa, maana ndani yake mna mafundisho kwa wazazi, kwa waalimu, na kwa vijana wetu wenyewe.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, katika kijiji cha Blantyre, kando ya mto Clyde, si mbali na mji wa Glasgow katika nchi ya Uskoti. Kijijini palikuwa na kiwanda kikubwa cha kusokota pamba. Wafanya kazi walikaa katika nyumba ndefu ya ghorofa, jamaa 24 katika nyumba moja, na kila jamaa ilikuwa na chumba kimoja tu. Chumba cha akina Livingstone kilikuwa na urefu wa futi 14 na upana wa futi 10. Humo ndimo walimopika, walimokula, walimolala na walimosali, baba na mama na watoto watano. Baba yake, Neil, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai, akienda kijiji hata kijiji, na huku akiwagawia watu vijitabu vya dini. Alikuwa maskini, mwaminifu, mcha Mungu, na mkali kwa watoto wake. Mama yake, Agnes, alikuwa mtu mpole na mwenye bidii, aliyejua kufanya kidogo kiwatoshe wengi.

Upendo wa maneno yaliyoandikwa ulionekana kwake mapema. Alipokuwa na umri wa miaka 9 aliikariri kwa moyo Zaburi ya 119, yenye aya 176, akakosea mara tano tu. Mwalimu wake wa Shule ya Jumapili akampa Agano Jipya kuwa zawadi.

Mwaka uliofuata alitiwa kazini kiwandani. Siku hizo watoto wa maskini katika nchi za Ulaya walifanya kazi kama watu wazima, jambo ambalo hatulisifu. Aliingia saa 12 asubuhi, akatoka saa 2 usiku, akipumzika kidogo tu kwa chakula. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika, akienda huku na huku mchana kutwa kando ya mashine, na pengine akitambaa chini yake, katika joto na kelele.

Basi alipopata ujira wa juma la kwanza, alitwaa sehemu yake akanunua kitabu. Wala hakikuwa kitabu cha kuchekesha, bali sarufi ya Kilatini iliyotungwa na Ruddiman. Pengine msomaji atauliza, Kilatini kina faida gani kwa mtoto wa kiwandani? Siku zile Kilatini kilikuwa kama ufunguo. Wenye elimu walikitumia katika vitabu vyao, na waganga walikitumia katika kazi yao. Asiyekijua alibaki nje ya mlango. Hakuna mtu aliyemwagiza mtoto yule kununua ufunguo huo. Aliutafuta mwenyewe.

Kiwanda kilikuwa na shule ya usiku, nayo ilifunguliwa saa 2, kazi ilipokwisha, hata saa 4. Watoto wengi walikuwa wamechoka mno. David aliifuata miaka mingi. Tena, akiisha kutoka shuleni, alirudi nyumbani akaendelea kusoma kwa mwangaza mdogo, kitabu mkononi na kamusi kando yake, hata saa 6 za usiku au zaidi. Mara nyingi mama yake aliondoka kitandani akamnyang'anya vitabu, maana alijua ya kuwa saa 12 asubuhi mwanawe hana budi kuwa kazini. Hivyo, alipofika umri wa miaka 16, aliweza kusoma mashairi ya Virgil na Horace katika Kilatini chenyewe.

Usiku haukumtosha. Alipata shauri la kuegemeza kitabu juu ya mashine yake, na kila alipopita mbele yake alichukua sentensi moja, akaenda nayo, akirudi akachukua ya pili. Mashine zilinguruma pande zote. Kwa kufanya hivi siku zote alijizoeza kuufunga moyo wake usisikie kelele. Na miaka mingi baadaye, katika kambi zake Afrika, watoto wakicheza na watu wakiimba ngoma, aliweza kusoma na kuandika kana kwamba yu peke yake.

Alisoma kila kitabu alichokipata, ila hadithi za kubuniwa. Alipenda zaidi habari za safari, na vitabu vya elimu ya viumbe. Wala hakuridhika kusoma maneno tu, bali alitaka kuona kwa macho. Alikuwa na kitabu cha zamani cha Culpeper juu ya miti ya dawa. Basi siku za mapumziko alizunguka mashamba na vilima pamoja na ndugu zake kuitafuta miti ile. Katika machimbo ya mawe ya chokaa aliona makombe ya pwani yamo ndani ya jiwe, akastaajabu, akamwuliza mchimbaji yameingiaje. Yule akamjibu ya kuwa Mungu alipoumba mawe aliyaumba na makombe ndani yake. Jibu hilo halikumtosha kijana, akazidi kutafuta.

Hapa ndipo palipotokea mashindano makali nyumbani. Baba yake aliviogopa vitabu vya elimu ya viumbe. Alidhani vitamtoa mtoto katika imani, akataka asome vitabu vya mafundisho ya dini peke yake. Mwana hakukubali. Siku moja aliagizwa kusoma kitabu cha Wilberforce juu ya maisha ya Kikristo, akakataa katakata, akapigwa fimbo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ya kupigwa na baba yake. Lakini fimbo haikumfanya akipende kitabu kile. Kwa miaka kadha wa kadha alivichukia vitabu vyote vikavu vya dini.

Lakini ajabu ni hii, ya kuwa yule aliyekuwa ameandika kitabu hicho, William Wilberforce, ndiye aliyepigana katika Bunge la Uingereza hata biashara ya watumwa ikapigwa marufuku mwaka 1807. Yule aliyekikataa kitabu chake baadaye aliingia katika vita ile ile, akaitolea uhai wake.

Nasi tusimhukumu baba kwa haraka. Hakuwa adui wa vitabu, maana vilikuwamo nyumbani mwake kwa sababu yake. Alikuwa mzazi mwenye hofu juu ya roho ya mwanawe. Wala mwana hakutaka kumwacha Mungu. Aliona uchungu kwa kudhani ya kuwa hana budi kuchagua moja katika mawili, imani au elimu. Kilichomwokoa katika shida hiyo si fimbo, bali kitabu kingine. Alikuwa karibu na umri wa miaka 20 alipopata vitabu vya Thomas Dick, Mskoti mwenzake, Mkristo na mwenye kujua habari za nyota. Mtu huyo alionyesha ya kuwa anayechunguza kazi za Mungu hampingi Mungu. David akaona mzigo umemtoka. Tangu hapo hakutenga tena mambo hayo mawili.

Baba na mwana wakapatana. Mwaka 1834 baba alileta nyumbani karatasi iliyoandikwa na mmisionari Karl Gützlaff, akiomba waganga wa kwenda China. David aliisoma, akakata shauri kuwa mganga na mmisionari. Akaweka akiba katika mshahara wake, maana sasa alikuwa msokotaji kamili. Na mwaka 1836 baba yake akafuatana naye kwa miguu katika theluji hata Glasgow, wakatafuta chumba cha kupanga. Wakati wa baridi alisoma uganga na Kiyunani, wakati wa joto akarudi mashineni kupata fedha. Mwaka 1840 alipata cheti cha uganga. China ilikuwa na vita, hakuweza kwenda huko. Ndipo London Missionary Society ilipomtuma Afrika ya Kusini.

Huko alimkuta msomaji mwenziwe. Sechele, mfalme wa Wakwena katika nchi ambayo leo yaitwa Botswana, alijifunza herufi zote kwa siku moja. Kisha akasoma kwa bidii hata akaacha kuwinda, na kwa kutotembea akanenepa sana. Alikipenda kitabu cha Isaya kuliko vyote. Livingstone alijenga nyumba karibu naye, mahali paitwapo Kolobeng, akaweka humo maktaba yake, ambayo ilikuwa faraja yake kubwa katika upweke. Mwaka 1852, yeye akiwa safarini, Makaburu waliwashambulia watu wa Sechele, wakaivunja na nyumba ya Livingstone. Vitabu hawakuvichukua. Walizichana kurasa zake wakazitapanya ovyo. Hasara hiyo ilimwumiza. Lakini yale aliyoyasoma hayakuwa karatasini tu.

Baada ya kuvuka Afrika toka magharibi hata mashariki, mtoto wa kiwandani sasa aliandika kitabu chake mwenyewe, kikatoka mwaka 1857, na watu wengi mno wakakinunua. Tarehe 4 Desemba ya mwaka huo alisema na wanachuo wa Cambridge, akawataka waendeleze kazi aliyoianza. Hapo ndipo ilipoanzia U.M.C.A. Wa kwanza walifika nchi ya mto Shire mwaka 1861 wakiongozwa na Askofu Mackenzie, ambaye alikufa mwaka uliofuata. Na mwaka 1864 misioni ilihamia Unguja.

Hatusemi ya kuwa Livingstone alikuwa mkamilifu. Katika safari yake ya Zambezi, toka 1858 hata 1864, aligombana na wenzake, na mashauri yake mengi yaliharibika. Wingi wa vitabu haumfanyi mtu kuwa mvumilivu kwa ndugu zake.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866, alipotoka Unguja akashuka karibu na Mikindani, akafuata mto Ruvuma. Mwaka 1871 alikuwa amekwama katika nchi ya Manyema, mgonjwa, hana mali. Huko Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Basi alitwaa magazeti ya zamani, akakamua maji ya mmea kuwa wino, akaandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa. Ni juu ya karatasi za namna hiyo alizoandika yale aliyoyaona kwa macho yake Nyangwe tarehe 15 Julai, jinsi wafanya biashara ya watumwa walivyowapiga bunduki watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliwachoma watu mioyo, zikasaidia kuleta mapatano ya Juni 1873, ambayo Sultani Barghash aliyakubali, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Yeye hakuiona siku hiyo. Alikufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mapema mwezi wa Mei 1873. Watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Moyo wake wakauzika chini ya mti. Aliyesoma sala za maziko ni Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani, akafundishwa kusoma katika shule ya misioni huko Nasik, Bara Hindi. Ndiye pia aliyechora maandiko katika mti ule. Kisha Susi na Chuma na wenzao wakauchukua mwili hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na pamoja na mwili wakayaleta madaftari yake yote, hawakupoteza hata moja. Walijua ya kuwa maandiko ya bwana wao ni sehemu ya mtu mwenyewe.

Huko Unguja wakati ule Dr. Steere alikuwa akipiga chapa vitabu vya Kiswahili, na wavulana waliookolewa katika majahazi ya watumwa walikuwa wakipanga herufi kwa mikono yao. Hivyo ndivyo vitabu vilivyofika katika makanisa yetu na shule zetu.

Basi, ndugu, tutasema nini? Wazazi, mtoto akipenda kusoma vitabu usivyovijua, usikimbilie fimbo. Kaa naye, uliza, umtafutie kitabu kilicho bora. Waalimu, fungueni makabati ya shule, kwa maana kitabu kilichofungiwa humla mchwa, hakimlishi mtu. Nanyi vijana, msingoje mpate nafasi kubwa. Nafasi ya Livingstone ilikuwa sentensi moja kwa kila mara alipoipita mashine. Haikuwa nyingi, naye hakuiacha ipotee. Na kutoka katika sentensi zile Mungu alimfanyiza mtu aliyetufaa sisi sote.