Zawadi Iliyogeuka Kazi

Anayetoka Karatu kwenda Ngorongoro hupita lango la Loduare, kisha barabara hupanda katikati ya msitu hadi ukingo wa kreta. Huko juu, kando ya njia, kuna mnara mdogo wa mawe wenye umbo la piramidi. Waongoza watalii huueleza kwa dakika mbili, na safari ikaendelea. Aliyezikwa hapo wa kwanza ni Mjerumani aliyefariki akiwa na umri wa miaka 24, na maisha yake yanastahili zaidi ya dakika mbili.

Michael Grzimek alizaliwa Aprili 12, 1934. Baba yake, Bernhard, daktari wa mifugo, alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt tangu mwaka 1945, wakati vita vilipokuwa vimeiacha magofu. Kijana alikua kati ya vizimba na kamera. Akiwa bado mdogo alianza kusafiri na baba yake barani Afrika, na mwaka 1956 wawili hao walitoa filamu waliyoipiga Kongo, iliyoonya kwamba wanyama pori wanakosa mahali pa kuishi. Filamu hiyo ilipata tuzo katika tamasha la Berlin, na watu walijaa kuitazama. Fedha zikaingia nyingi.

Hapa ndipo habari yenyewe inapoanza. Kijana wa miaka 22 mwenye fedha za namna hiyo angeweza kujenga nyumba, au kupiga filamu nyingine ya kuuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Baba na mwana waliamua kuitoa fedha hiyo kwa ajili ya Serengeti. Wakati huo serikali ya Kiingereza iliyotawala Tanganyika ilikuwa ikipanga kukata sehemu ya mashariki ya hifadhi hiyo, ikiwa ni pamoja na Ngorongoro. Wao walikusudia kununua ardhi ili wanyama wasipungukiwe na nafasi.

Peter Molloy, mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika, aliwapa jibu ambalo hawakulitarajia. Ardhi haikuwa hitaji la kwanza. Hakuna aliyejua Serengeti ina wanyama wangapi, wala makundi huelekea wapi mvua zinapokwisha. Mipaka ilikuwa ikichorwa kwa kukisia. Afadhali fedha hiyo itafute ukweli huo.

Mtoaji wengi huudhika anapoambiwa kwamba zawadi yake si ile inayohitajiwa. Je, darasa lenu limewahi kuona sadaka iliyokataa kuelekezwa, jengo lililojengwa kwa sababu mfadhili alitaka jengo? Michael hakung'ang'ania wazo lake la kwanza. Katika Luka 14:28 Yesu anamtaja mjenzi wa mnara ambaye hupima mfuko wake kabla ya kuweka jiwe la msingi. Molloy aliomba kipimo cha namna hiyo, na wafadhili wakakubali kuwa wapimaji.

Sasa ikabidi wafikiri upya. Kuhesabu wanyama kwa gari katika nchi pana kiasi hicho kungechukua miezi mingi, na makundi yangekuwa yamekwisha kuhama. Basi wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier, inayoweza kutua penye nafasi fupi, wakaipaka milia kama ya punda milia, na wote wawili wakajifunza urubani. Desemba 1957 waliirusha wenyewe kutoka Ujerumani hadi Tanganyika. Waliigawa nchi katika vipande, wakaruka chini kwa mistari iliyonyooka, huku watazamaji wakihesabu kila mmoja upande wake. Wanyama wengine waliwafunga mikanda ya rangi shingoni ili watambulike watakapoonekana tena, na majani waliyopendelea yakapelekwa kupimwa.

Jumla ilikuwa wanyama wakubwa 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481 na punda milia 57,199. Lililokuwa zito zaidi ni kwamba safari za nyumbu zilivuka mipaka iliyokusudiwa.

Januari 10, 1959, Michael alikuwa peke yake angani. Tumbusi aligonga bawa la ndege, usukani ukakwama, na ndege ikaanguka. Alizikwa ukingoni mwa kreta siku hiyo hiyo. Aliacha mke na mtoto mdogo.

Serikali haikungoja. Mwaka huo huo Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, ikawa eneo ambamo Wamasai waliruhusiwa kuishi na mifugo yao kando ya wanyama pori. Wale waliokuwa wakilisha ndani ya Serengeti waliondolewa. Ni lazima kusema wazi kwamba akina Grzimek walitaka hifadhi isiyo na makazi wala ng'ombe, na kwamba katika ukarimu wao mkubwa kwa nyumbu, mfugaji hakuwekewa fungu linalolingana. Maumivu ya jambo hilo hayajaisha Ngorongoro.

Baba alimaliza kazi peke yake. Filamu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na fedha na michango iliyofuata ilirudi tena katika hifadhi za Afrika Mashariki. Bernhard alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa yalale kando ya mwanawe.

Hesabu ya Michael yenyewe haikudumu. Mwaka 1961 wengine walihesabu kwa kupiga picha kutoka angani, wakapata nyumbu zaidi ya 260,000. Wengi walikuwa wamemponyoka. Waliweza kumsahihisha kwa kuwa alikuwa ameandika tarakimu na njia aliyoipata. Huko Banagi ilijengwa maabara yenye jina lake, na kutokana nayo ikakua Taasisi ya Utafiti ya Serengeti, iliyoanza rasmi mwaka 1966. Siku hizi wataalamu wa TAWIRI, Watanzania, hupanda ndege ndogo na kuruka chini juu ya mbuga kwa mistari iliyonyooka, mmoja akitazama kushoto, mwingine kulia.