Isaya Mukirane: mwalimu aliyedai hesabu ya kodi ya watu wa Rwenzori

Isaya Mukirane anakumbukwa na wengi kama mwanzilishi wa ufalme wa Rwenzururu, magharibi mwa Uganda. Kabla ya kuitwa mfalme alikuwa mwalimu wa shule, kisha mjumbe wa baraza, na dai lililomtoa darasani lilihusu fedha: watu wa milimani walitoa kodi kila mwaka, lakini hawakuona ilikokwenda. Zaidi ya nusu karne tangu afariki, dai hilo bado linasikika katika vijiji vya Kasese na Bwera.

Mji wa Kasese umejengwa chini ya milima ya Rwenzori, ambayo vilele vyake vina theluji ingawa viko karibu na mstari wa ikweta. Ukielekea kusini-magharibi unafika Bwera, karibu na kituo cha mpaka cha Mpondwe. Ng'ambo ya pili ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wasikilizaji waliotoka Beni na Butembo wanafahamu kwamba Wanande wa huko na Wakonzo wa Uganda ni ndugu, wenye lugha inayokaribiana sana. Mpaka uliwekwa na wakoloni, ukawagawa watu wa mlima mmoja kati ya dola mbili.

Kodi iliyotangulia kuzaliwa kwake

Chanzo cha mgogoro ni mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Omukama Kasagama wa Toro. Kwa mkataba huo, nchi ya Busongora, iliko Kasese ya leo, pamoja na Bwamba upande wa kaskazini, zilihesabiwa kuwa sehemu za ufalme wa Toro. Machifu walipewa kazi ya kukusanya kodi, nao wakapata fungu lao kutokana na makusanyo hayo. Katika nchi ya Wakonzo na Waamba, wengi wa machifu hao walikuwa Watoro waliotumwa kutoka nje.

Kwa mkulima wa mlimani, serikali ilikuwa mtu anayekuja kudai kodi. Kila mwanamume mzima alitakiwa kulipa kwa fedha taslimu, na aliyeshindwa alikabiliwa na adhabu. Ili kupata fedha hizo ilimbidi auze mazao au ashuke bondeni kutafuta kibarua.

Mwaka 1919 Wakonzo waliasi. Viongozi wao watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, walikamatwa na kunyongwa mwaka 1921. Uasi ulizimwa, lakini majina yao yaliendelea kutajwa kwenye mazungumzo ya jioni, na watoto waliozaliwa baadaye walikua wakiyasikia. Mukirane alikuwa miongoni mwa kizazi hicho.

Mwalimu anayekusanya historia

Mukirane alipata elimu ambayo wenzake wengi hawakuipata, akawa mwalimu. Kazi hiyo ilimwonyesha kasoro ambazo mgeni asingeziona upesi. Watoto wa Kikonzo walifundishwa kwa Kitoro, lugha ambayo haikuwa ya mama zao. Shule zilikuwa chache, na waliofika masomo ya juu walihesabika. Nafasi za ukarani, uchifu na ufadhili wa masomo zilikwenda zaidi kwa watu wa makao makuu ya Toro huko Fort Portal. Zahanati na barabara zilikuwa mbali na watu wanaoishi kwenye miteremko.

Wakati huohuo, utajiri wa eneo hilo ulikuwa ukionekana waziwazi. Chumvi ilivunwa katika ziwa Katwe tangu zamani. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na mgodi wa shaba wa Kilembe, ulio bondeni karibu na mji, ukaanza uzalishaji. Mabehewa yalibeba shaba kuipeleka Jinja kuyeyushwa. Wakonzo walilalamika kwamba mali hiyo ilitoka chini ya milima yao, lakini vijiji vilivyo juu ya mgodi havikuwa na cha kuonyesha.

Mwaka 1954 Mukirane na wenzake waliunda chama cha kutafiti historia na maisha ya Wakonzo. Kwa jina kilikuwa chama cha utamaduni, chenye kazi ya kukusanya masimulizi ya wazee. Mwaka huohuo alitembea milimani pamoja na mwandishi wa habari Mwingereza, Tom Stacey, wakipita kijiji hadi kijiji. Chama kilipoendelea kukua, matawi yake yaligeuka kuwa mahali ambapo watu walikutana na kulinganisha walichotoa na walichopata. Mtu wa Bwera na mtu wa Bwamba waligundua kwamba manung'uniko yao ni yaleyale.

Kutoka nje ya Rukurato

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Uganda ikikaribia uhuru, Mukirane aliingia katika Rukurato, baraza la kutunga sheria la Toro. Pamoja naye walikuwamo Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, ambao walishirikiana naye kuongoza madai ya Wakonzo na Waamba. Jamii hizo mbili zilikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote wa Toro. Walitaka katiba ya ufalme iwatambue kuwa wenye hadhi sawa na Watoro, na wapewe mgawo wa haki wa vyeo na huduma.

Serikali ya Omukama Rukidi III haikukubali. Tarehe 13 Machi 1962, wajumbe wa Wakonzo na Waamba waliondoka barazani. Kuanzia hapo dai lao likabadilika: walitaka wilaya yao wenyewe, mbali na Toro. Ndani ya dai hilo mlikuwa na hoja ya fedha ambayo kila mkulima aliielewa. Kukiwa na wilaya, kodi ya Busongora ingejenga shule ya Busongora, na kiongozi aliyeitumia vibaya angekuwa karibu na watu wa kumuuliza. Kwa upande wa Toro, kupoteza nchi hizo kulimaanisha kupoteza ardhi, heshima na mapato kwa mkupuo mmoja.

Mukirane, Kawamara na Mupalya walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Mukirane alipoachiliwa kwa dhamana alikimbilia milimani. Huko nyuma, wananchi wengi waligoma kulipa kodi ya Toro na kuwafukuza machifu, na vurugu zikaenea.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Daktari Ssembeguya iliundwa mwaka 1962. Ilikiri kwamba malalamiko ya Wakonzo na Waamba yalikuwa na msingi na kwamba walikuwa wamebaguliwa. Hata hivyo haikupendekeza waundiwe wilaya yao. Uganda ikapata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 bila suala hilo kutatuliwa.

Mwanzoni mwa 1963 serikali ya Waziri Mkuu Milton Obote ilitangaza hali ya hatari katika maeneo hayo. Obote alimwomba Tom Stacey apande mlimani kumshawishi rafiki yake wa zamani ashuke. Stacey alipanda, wakazungumza, lakini Mukirane hakushuka.

Serikali juu ya mlima

Mukirane alikuwa ametangaza kwamba Rwenzururu ni nchi huru, naye akawa kiongozi wake mkuu na hatimaye mfalme, kwa jina la Kibanzanga. Serikali yake ilikuwa na mawaziri, machifu, mahakama na bendera. Aliandika barua nyingi kwa serikali na kwa mashirika ya kimataifa akiomba kutambuliwa. Shule zilianzishwa milimani, na shughuli za utawala zikaendeshwa kwa lugha ya wenyeji.

Serikali huhitaji fedha, na fedha za Rwenzururu zilitoka mahali palepale zilipotoka zile za Toro, yaani mfukoni mwa mkulima. Maofisa wa Mukirane walikusanya kodi na ada, na wananchi waliokaa katikati ya pande mbili wangeweza kudaiwa na zote mbili. Mtu aliyeanza safari yake akidai hesabu kwa niaba ya mlipa kodi sasa alikuwa yeye ndiye mwenye hazina. Utawala wa mlimani ulikuwa na nidhamu kali, na katika hali ya vita haikuwa rahisi kwa raia kusimama mbele ya mfalme akahoji matumizi, kama yeye mwenyewe alivyohoji katika Rukurato.

Hapo ndipo palipo utata wa maisha yake. Wanaomheshimu husema kwamba kodi ya Rwenzururu ilitolewa kwa ajili ya jambo ambalo watu waliliamini, na kwamba shule za milimani zilionekana kwa macho. Wanaomkosoa hukumbusha umwagaji damu wa miaka hiyo, hasa mwaka 1964, ambapo Wakonzo na Watoro wengi walipoteza maisha na makazi. Hata washirika wake wa kwanza waligawanyika. Kawamara na Waamba wengi walibaki na dai la wilaya ndani ya Uganda, huku Mukirane akishikilia uhuru kamili.

Mukirane alifariki dunia milimani tarehe 2 Septemba 1966. Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, alirithi kiti akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka mmoja baadaye, katiba mpya ya Uganda ilifuta falme zote, ukiwamo ufalme wa Toro aliopambana nao.

Kilichofuata

Wilaya aliyoidai Mukirane barazani ilipatikana miaka minane baada ya kifo chake. Mwaka 1974 utawala wa Idi Amin uliunda wilaya za Rwenzori na Semuliki, ambazo baadaye zilibadilishwa majina na kuwa Kasese na Bundibugyo. Mwaka 1982 Mumbere alishuka mlimani baada ya makubaliano na serikali, na mwaka 2009 Rwenzururu ilitambuliwa rasmi kuwa taasisi ya kitamaduni, isiyo na mamlaka ya kutoza kodi. Amani hiyo haikudumu. Mnamo Novemba 2016 vikosi vya usalama vilivamia kasri la mfalme mjini Kasese, na watu zaidi ya mia moja waliuawa katika machafuko ya siku hizo.

Kuhusu fedha, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 ilijibu sehemu ya hoja ya mwalimu huyo. Iliagiza kwamba katika maeneo ya vijijini, gombolola libaki na asilimia 65 ya mapato linayokusanya, na asilimia 35 tu ipelekwe wilayani. Kila wilaya pia ina kamati ya hesabu za umma inayopitia ripoti za wakaguzi, na tangu 2009 serikali imeanzisha mikutano iitwayo baraza, ambapo maofisa husimama mbele ya wananchi kueleza miradi na matumizi.

Mambo yalibadilika tena mwaka 2005, serikali iliposimamisha kodi ya kichwa iliyokuwa imewatesa wanaume wa vijijini kwa miongo mingi. Wengi walifurahi, kwa haki. Lakini wilaya zikazidi kutegemea fedha kutoka Kampala, na mwananchi asiyepewa stakabadhi ya kodi huweza kudhani kwamba hachangii chochote, kwa hiyo hana la kuuliza. Ukweli ni kwamba mkazi wa Bwera anayenunua sabuni dukani hulipa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake ni asilimia 18, na kodi hiyo imo ndani ya bei.

Babu yake aliijua kodi kwa sababu mkusanyaji alimjia mlangoni, na aliposhindwa kulipa aliijua zaidi. Mukirane alijenga madai yake juu ya ujuzi huo. Mkazi wa leo anayehudhuria baraza la gombolola lake anayo haki ileile ya kuuliza daraja limegharimu kiasi gani na kwa nini halijakamilika, na safari hii sheria ya nchi iko upande wake.