William Gilbert: Daktari Aliyemsikiliza Fundi Dira

Wasomi wenzangu, kwenye bloku yetu tuna TV ya chogo tuliyoinunua kwa kuchangishana, mtumba wa mtumba. Muhula uliopita nikaitengenezea sabufa kwa mikono yangu: boksi la mbao, spika mbili za zamani na amplifaya ndogo. Sauti ilitoka safi kabisa. Tatizo lilikuwa picha. Dakika chache baada ya kuiweka sabufa ubavuni mwa TV, upande wa kulia wa kioo uligeuka zambarau na kijani. Mtangazaji wa taarifa ya habari akawa na uso wa rangi mbili.

Nikawaambia washkaji watulie, hiyo ni fizikia na mimi ndiyo kozi yangu. Sumaku ya spika inaingilia TV, kwa hiyo tunaizuia kwa metali. Nikalizungushia boksi zima foili ya alumini ya kufungia chakula. Hakuna kilichobadilika. Nikaongeza tabaka la pili. Zambarau ikabaki palepale, na kicheko kikasikika hadi bloku ya jirani.

Nilikuwa nimechanganya madesa. Ngao ya metali yoyote niliyoisoma darasani ni ya umeme, si ya sumaku iliyotulia. Nilipoingia maktaba kwa aibu yangu, nikakuta kosa langu lilishajibiwa mwaka 1600, na aliyelijibu hakuwa hata mwanafizikia. Alikuwa daktari wa wagonjwa.

William Gilbert alizaliwa mwaka 1544 mjini Colchester, mashariki mwa Uingereza, mtoto wa mwanasheria. Alisoma chuo cha St John's, Cambridge, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akapata udaktari wa tiba mwaka 1569. Baadaye akahamia London, akafungua kazi yake, na jina likakua. Mwaka 1600 akawa rais wa chuo cha madaktari cha mji huo, kisha akateuliwa kumtibu Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kwa cheo, mtu wa namna hiyo angeweza kukaa zake na vitabu vyake vya Kilatini na asimsikilize yeyote aliye chini yake.

Na vitabu vya wakati huo vilijaa mambo kuhusu sumaku. Vilisema ukiipaka sumaku kitunguu saumu nguvu zake zinakufa. Vilisema almasi inaweza kuipa sindano ya chuma tabia ya kuelekea kaskazini. Mwandishi wa leo alimnakili wa jana, wa jana alimnakili wa juzi, na walioshika sumaku mkononi na kuona walikuwa wachache. Kwa lugha ya kwetu, Ulaya ya wasomi ilikuwa inadesa kwa karne nyingi.

Gilbert alichukua kitunguu saumu akaipaka sumaku. Ikavuta chuma kama kawaida. Kuhusu almasi hakuridhika na moja. Alijaribu almasi 75 mbele ya mashahidi wengi, na hakuna hata moja iliyoifanya sindano ielekee kaskazini. Hapo unaona mtu wa aina gani: jambo ambalo wengine wangelimaliza kwa kubishana, yeye alilimaliza mezani.

Lakini lililonigusa zaidi ni aliowasikiliza. London ya wakati huo ilikuwa na fundi dira aliyeitwa Robert Norman, mtu aliyekuwa baharia kwa miaka mingi. Norman aligundua kwamba sindano ikishapewa usumaku haielekei kaskazini tu, bali pia huinamisha ncha yake kuelekea chini. Alipima mwinamo huo na kuutolea kitabu kidogo mwaka 1581, kwa Kiingereza cha kawaida, akijua kabisa kwamba hana elimu ya chuo. Gilbert mwenye udaktari wake hakumdharau. Aliichukua habari ya fundi kama habari ya kweli, akaanza kutafuta sababu yake.

Akachonga jiwe la sumaku likawa duara kama mpira, akaliita dunia ndogo. Akawa anapitisha sindano ndogo juu yake, hapa na pale, na kuona inavyoinama. Kwenye mstari wa kati wa jiwe sindano ililala sawa. Ilivyosogezwa kuelekea ncha iliinama zaidi na zaidi, na kwenye ncha yenyewe ikasimama wima. Tabia hiyohiyo ndiyo mabaharia walikuwa wakiiona kwenye safari zao. Hitimisho lake lilikuwa zito: dira haivutwi na nyota ya kaskazini, wala na mlima wa sumaku uliojificha baharini. Dunia yenyewe ni sumaku kubwa.

Yote haya aliyaandika kwa Kilatini katika kitabu chake De Magnete, kilichotoka mwaka 1600. Pambizoni aliweka alama za nyota, kubwa kwa ugunduzi mkubwa na ndogo kwa ugunduzi mdogo, ili msomaji ajue ni yapi aliyoyajaribu na kuyaona mwenyewe.

Humo ndimo kesi ya foili yangu ilipohukumiwa. Gilbert aliweka vizuizi kati ya sumaku na sindano: mbao nene, kuta za udongo na za marumaru, hata metali nyingine. Nguvu ya sumaku ilipita kana kwamba hakuna kitu. Kilichoizuia ni bamba la chuma peke yake. Leo tunaeleza kwamba chuma hakiikatizi nguvu hiyo kama ukuta unavyokatiza upepo. Kinaipa njia rahisi ya kupita ndani yake, hivyo inakifuata na kuzunguka badala ya kutawanyika nje. Alumini haina tabia hiyo. Ningezungusha foili hata tabaka mia, ningekuwa napamba boksi tu.

Na kwa nini TV ya chogo inaumia? Ndani ya chogo lile kuna bomba la kioo lisilo na hewa, mjukuu wa bomba alilolitengeneza Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Elektroni hurushwa kutoka nyuma hadi kwenye kioo, na kwenye TV ya rangi ni miali mitatu: wa nyekundu, wa kijani na wa bluu. Sumaku ikiwa karibu huipinda njia yao, mwali wa nyekundu ukatua kwenye kijani, na mtangazaji akageuka zambarau.

Tusimfanye Gilbert malaika. Aliamini sumaku ina roho. Aliamini pia kwamba tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi haibadiliki mahali pamoja. Mwaka 1635 Henry Gellibrand alionyesha kwa vipimo vya London kwamba inabadilika kadiri miaka inavyopita. Aliyemsahihisha alitumia silaha yake mwenyewe: kupima.

Malkia alifariki Machi 1603. Gilbert akabaki daktari wa Mfalme James, ila si kwa muda mrefu. London ilikuwa imekumbwa na tauni mwaka huo, naye akafa kabla haujaisha, pengine kwa ugonjwa huohuo. Hakuwa ameoa. Vitabu, tufe na vifaa vyake aliviachia chuo cha madaktari, navyo vikateketea kwenye moto mkubwa wa London mwaka 1666. Kile kitabu, hata hivyo, kilitufikia.

Nilipokimaliza kisa chake nilijua pa kwenda. Nje ya geti letu kuna fundi redio ambaye sisi wa chuo tunampelekea chaja na kumwongelesha kama mtoto. Alisikiliza tatizo dakika moja tu. Akachomoa sumaku kwenye spika zilizokufa, akazigandisha nyuma ya sumaku zangu, nyuso zinazokataana zikitazamana ili moja ipunguze nguvu ya mwenzake nje. Juu yake akafunika vikombe vya chuma kizito. Akaniambia bado niisogeze sabufa kidogo, na niizime na kuiwasha TV mara kadhaa nikiipumzisha kati, maana chuma cha ndani ya kioo nacho kilikuwa kimeshapata usumaku, na TV huwa inajisafisha inapowashwa.

Rangi zilirudi siku ya pili yake. Nikarudi kumuuliza alijifunza wapi. Akanionyesha rundo la TV mbovu nyuma ya kibanda: alikuwa akijaribu kila kitu juu ya hizo, miaka yote, na kuangalia kinachotokea.