Bardeen: Mwanafizikia aliyetuzwa Nobel mara mbili

MKULIMA wa Kitale anayesikiliza redio akipukuchua mahindi, na fundi wa simu mjini Bungoma, wote wanategemea transista. Hata hivyo, jina la John Bardeen ni nadra kutajwa.

Bardeen alizaliwa Mei 23, 1908 mjini Madison, Marekani, na akajiunga na chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 15 pekee.

Mwaka wa 1945 aliajiriwa katika maabara ya Bell, chini ya William Shockley. Shockley alikuwa amebuni kifaa cha kukuza mawimbi ya umeme, lakini kila kilipojaribiwa kilikataa katakata kufanya kazi. Bardeen ndiye aliyebaini kiini cha tatizo: elektroni zilinaswa kwenye uso wa kifaa, zikawa ngao iliyozuia nguvu za umeme wa nje kufika ndani.

Kuanzia hapo uso ukawa ndio unaochunguzwa. Desemba 16, 1947, Bardeen na Walter Brattain waliunda transista ya kwanza kwa jemaniamu na dhahabu. Shockley, ambaye hakushiriki moja kwa moja katika ufanisi huo, aliingiwa na kinyongo, akawatenga wenzake. Bardeen alihamia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka wa 1951. Hata hivyo, watatu hao walituzwa Nobel kwa pamoja mwaka wa 1956.

Alituzwa tena mwaka wa 1972, pamoja na Leon Cooper na Robert Schrieffer, kwa kueleza jinsi metali zilizopoozwa mno hupitisha umeme bila ukinzani. Hakuna mwingine aliyewahi kupata Nobel ya fizikia mara mbili.

Gwiji huyo naye aliteleza. Mwaka wa 1961 alikokotoa jinsi elektroni hupenya kizuizi ambacho, kwa kawaida, zisingekivuka. Mwaka uliofuata alimpinga hadharani Brian Josephson, mwanafunzi wa miaka 22, kuhusu suala lilo hilo. Majaribio yalimuunga mkono kijana, ambaye alipata Nobel mwaka wa 1973.

Bardeen aliaga dunia Januari 30, 1991 mjini Boston.

Hesabu yake ya 1961 ingali inatumika. Watafiti huikaribisha sindano kwenye fuwele ya samariamu na boroni bila kuigusa, wakapima elektroni zinazopenya pengo hilo. Fuwele hiyo ikipoozwa mno, ndani hukataa kupitisha umeme, ilhali uso wake huendelea kuupitisha.