MWENYE HERI ANUARITE: NGUVU ZA MWANAMKE MKRISTU

Katika yubile hii ya parokia yetu inafaa tumkumbuke binti wa nchi zetu, Anuarite Nengapeta.

Alizaliwa Wamba, tarehe 29 Desemba 1939, katika kabila la Wabudu. Baba yake alimwacha mama yake kwa sababu alimzalia mabinti tu. Hivyo mtoto alionja mapema uchungu wa mwanamke kuhesabiwa si kitu. Akakua, akaingia shirika la masista wa Jamaa Takatifu kule Bafwabaka, akaweka nadhiri tarehe 5 Agosti 1959, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Alitunza sakristia, alifundisha watoto, alisaidia jikoni. Kazi hizo hazina sifa mbele ya watu, lakini ndizo zilizozoeza mikono yake na moyo wake.

Tarehe 29 Novemba 1964 Simba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista katika kamyo, wakawafikisha Isiro. Huko Kanali Ngalo alitaka Anuarite awe mke wake, akakataa. Kanali Olombe akajaribu kumwingiza kwa nguvu katika motokari, pamoja na Sista Bokuma Jean-Baptiste. Wote wawili walishindana naye kwa mwili wote. Sista Bokuma alivunjwa mkono. Anuarite alipigwa sana, akamsamehe Olombe waziwazi, kisha akachomwa singe na kupigwa risasi. Alikufa usiku wa tarehe 1 Desemba 1964, mwenye miaka 24.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri, akamsamehe pia muuaji kwa jina la Kanisa.

Basi tujifunze nini? Tunawaona mama zetu wa Bunia wakibeba kuni, maji na mtoto mgongoni, kisha tunawaita dhaifu. Nguvu za mwili ni zawadi ya Mungu kwa mwanamke vilevile. Hazimpunguzii umama wala upole. Wala asiwepo mtu wa kumtumia Anuarite kuwahukumu mama na mabinti walioshindwa na wenye silaha katika vita za Ituri. Hao hawana kosa; dhambi ni ya yule aliyewatendea jeuri. Na sisi wanaume tujiulize: nguvu tulizopewa, tunazitumia kulinda au kuonea?

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.