Wamara, mfalme wa Wachwezi, na mahandaki ya Bigo
Juu ya kilima cha Kamukuzi mjini Mbarara, mji unaojulikana vyema na wakazi wa makazi ya Nakivale, ndipo lilipokuwa jumba la wafalme wa Ankole hadi falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967. Wafalme hao walijihesabu kuwa wazao wa Ruhinda, ambaye kwa mujibu wa mapokeo alikuwa mwana wa Wamara, mfalme wa mwisho wa Wachwezi.

Inasimuliwa kwamba Wamara aliirithi dola ya Kitara iliyoasisiwa na Ndahura, akaitawala kutoka nchi ya Bwera, kusini mwa mto Katonga. Fahari yake ilikuwa ng'ombe. Katika nchi hiyo, mahali paitwapo Bigo bya Mugenyi, wilayani Sembabule, yangalipo mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10. Kina chake hufika mita 4, na kuna sehemu zilizokatwa ndani ya mwamba. Handaki la nje limezingira malisho mapana hadi mtoni, yaelekea ili mifugo ipate nyasi na maji bila kutoka bomani. Ya ndani yamekizunguka kilima. Hapakuwa na mashine. Palikuwa na zana za chuma, mikono mingi, na mtu mwenye amri ya kuikusanya.

Ukubwa wa kazi hiyo uliwafanya baadhi ya wageni wadai kwamba wajenzi walitoka ng'ambo, madai yale yale yaliyowahi kutolewa kuhusu Wamaya na mahekalu yao huko Guatemala na Mexico. Uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Merrick Posnansky mwaka 1960 ulifukua vigae vya vyungu na mifupa ya ng'ombe, mabaki ya wafugaji wenyeji wa karne ya 14 na 15. Udongo, hata hivyo, haukutoa jina la aliyeamuru. Jina hilo limetunzwa na wasimulizi peke yao.

Wasimulizi hao husema kwamba siku moja ng'ombe alichinjwa, akakutwa hana matumbo. Yalipotafutwa, yakaonekana kichwani na kwatoni. Waaguzi wakatabiri mwisho wa enzi. Wachwezi wakaondoka, wasionekane tena, na ziwa Wamala lingali likiitwa kwa jina la mfalme wao. Ruhinda alibaki. Ngoma ya Bagyendanwa, inayohesabiwa kuwa urithi wa Wachwezi, ikawa nembo ya ufalme wa Ankole.